Mkufunzi Aliyetafuta Kiwiko

Jina lake silitaji. Si kwamba nimelisahau. Mimi ni mkamwana wake, nimeolewa na mwanawe, na kwetu Unyakyusa mkamwana hatamki jina la baba mkwe, hamwangalii usoni, hapeani naye mkono, na wakikutana njiani ni yeye anayejipenyeza migombani mpaka mzee apite. Wenzangu wa mjini hucheka wakisikia haya. Wacheke tu. Kuna hata chombo kimoja cha jikoni ambacho jina lake linakaribia jina la mzee, na tangu siku ya harusi yangu nakiita "kile cha kupakulia". Msianze kubahatisha, maana mkipata mtanitia aibu.

Kabla hajawa baba mkwe alikuwa mkufunzi wangu, na hapa nitamwita hivyohivyo, Mkufunzi. Alikuwa muuguzi mstaafu wa macho, mrefu, mkavu, wa kuvaa suti ya Kaunda na mabuti ya mvua mwaka mzima. Alikuja kwenye kituo chetu cha wazee, huku Ndandalo, kutufundisha sisi wahudumu namna ya kuwasaidia watu wasioona. Siku ya kwanza tulimpigia makofi tukidhani amekuja kwa sababu ya huruma. Akatunyamazisha kwa mkono.

"Msinipigie makofi," alisema. "Mimi nina presha ya macho. Yanaondoka polepole, kuanzia pembeni, na yakishaondoka hayarudi. Kwa hiyo sifundishi kwa ajili ya vyeti vyenu. Nafundisha kwa ajili yangu. Siku moja mmoja wenu atanishika, na sitaki kutumbukizwa mtaroni na mtu niliyemfundisha mwenyewe."

Ndivyo alivyokuwa. Wakufunzi wengine huja wakasema, wakala chakula cha mchana, wakaondoka. Yeye alikuwa anatafuta mtu wa kumwongoza uzeeni, na darasa zima lilikuwa usaili. Kila jioni alitoa hukumu zake mbele ya watu wote bila haya. Mlinzi wetu, baba mmoja mnene mwenye moyo mzuri na miguu mizito, aliambiwa, "Wewe utanishika mpaka kanisani. Ukivuka barabara ya lami, simo." Tumpe, mhudumu mwenzangu, aliambiwa, "Wewe utanishika siku ambayo sina haraka ya kuishi." Mimi nilipewa neno moja tu, siku zote lilelile: "Bado." Nilikuwa nalala nalo, naamka nalo. Nilitaka sana siku moja aniambie nimeweza, na sioni aibu kusema hivyo.

Somo lake kubwa lilikuwa kiwiko. Sisi huku, tukimwona mtu haoni, tuna njia zetu tatu: tunamkamata mkono kama mwizi, tunamsukuma mgongoni, au tunashika ncha ya fimbo yake na kumvuta. Mkufunzi alizichukia zote, na ya fimbo aliichukia kuliko zote. "Mbuzi ndiye anayevutwa," alisema. "Mtu anashika." Namna yake ilikuwa hivi: unamkaribia, unasema jina lako, unamgusa nyuma ya mkono kwa nyuma ya mkono wako, yeye mwenyewe anapanda mpaka kwenye kiwiko chako, anakishika, mnaondoka, wewe mbele kidogo. Ukitaka kumwacha, unamwambia unamwacha. Ni rahisi kusema. Alipoona tunasahau alikuwa anapiga kelele "Kiwiko!" mpaka kuku wa kituo wanakimbia, na watoto wa jirani wakaanza kumwita kwa neno hilo akipita na baiskeli yake.

Tena huyo ndiye aliyetufundisha kwamba asiyeona si kiziwi, tusimpigie kelele.

Kusema jina nako kulitutesa. Kwetu mtu haingii kwa mzee akajitangaza kama gari la matangazo. Unainama, unasalimu, mzee anakujua kwa sauti. Mlinzi alipojaribiwa aliingia chumbani kwa bibi mmoja, akapiga goti, akasema kwa heshima zote, "Ugonile, mama." Bibi akaitika, "Ndaga." Wakakaa kimya, bibi akingoja kujua ni nani, mlinzi akingoja kuruhusiwa kuinuka. Mkufunzi alivumilia mlangoni mpaka akashindwa.

"Ugonile ya nani?" alifoka. "Kyela nzima inasema ugonile! Bibi atajuaje kama ni wewe au ni mwizi aliyelelewa vizuri?"

Halafu kulikuwa na vita vyake na neno "pale". Pale, kule, hapo, huku, yote aliyapiga marufuku kituoni, pamoja na kuonyesha kwa mdomo, maana sisi tukiulizwa njia tunatoa mdomo mbele na kazi imekwisha. Aliyesema "pale" alifungwa kitenge machoni, akakaa nacho mpaka mwingine akosee. Haikuchukua muda kwa mwingine kukosea. Siku moja Tumpe alikuwa amefungwa kitenge, anataka kwenda chooni kwelikweli, si kwa mazoezi, na mlinzi akapewa kazi ya kumwelekeza kwa maneno. Mlinzi akajikaza, akasema, "Nyoosha moja kwa moja. Ukifika penye ule mchungwa, kata hivi." Akakunja mkono hewani. "Halafu mbele utaona."

"Utaona!" Mkufunzi aliketi chini kwenye ngazi, akashika kichwa. "Mwe! Utaona!" Tumpe alivua kitenge akakimbia mwenyewe, na somo likaishia hapo.

Lakini aibu kubwa kuliko zote aliipata yeye mwenyewe, na ilikuwa juu ya saa. Alikuwa na kitabu cha mafunzo kilichoandikwa ng'ambo, akikiheshimu karibu sawa na Biblia. Kitabu kilisema ukimwandalia asiyeona chakula, uifanye sahani kuwa uso wa saa, umwambie nyama iko saa ngapi na mboga ziko saa ngapi. Akatufundisha. Tukafurahi, tukaona ni jambo la kisasa. Mchana huohuo Tumpe alimwandalia mzee mmoja wa Njisi, mfanyabiashara wa zamani wa kuvuka mpaka, anayejua Kiingereza cha Malawi na kukipenda. Tumpe akamwambia, "Babu, samaki wako yuko saa tatu, mchuzi wa moto uko saa tisa."

Sasa, Tumpe kwake saa tatu ni saa tatu asubuhi, na mshale mfupi saa hiyo unalala kushoto, kwenye tarakimu ya tisa. Huko ndiko alikomweka samaki. Mzee kwake tatu ni tatu, iko kulia, tangu enzi za saa yake ya mkononi aliyoinunua Karonga. Akapeleka mkono kulia kwa kujiamini, akazamisha vidole kwenye bakuli la mchuzi uliotoka jikoni sasa hivi. Kwa Kiingereza aliomba Mungu amsaidie. Kwa Kinyakyusa alisema mambo ambayo siyaandiki.

Tulimpoza vidole kwa maji, ikawa salama, lakini darasa liligawanyika makundi mawili, la mshale na la tarakimu, na hakuna aliyekubali kushindwa. Mkufunzi alikuwa anafungua kitabu chake, anafunga, anafungua tena. Kitabu hakikuwa kimefikiria kwamba kuna watu jua likichomoza wanaanza kuhesabu saa upya. Katikati ya ugomvi bibi mmoja aliyekuwa hajawahi kumiliki saa akauliza kwa upole, "Saa sita ni mchana. Mchana uko upande gani wa sahani?"

Mkufunzi aliondoka bila kuaga, jambo ambalo yeye ndiye aliyetukataza. Kesho yake alirudi bila kitabu. Akatuambia tusahau saa. Kila mtu wa Kyela, anayeona na asiyeona, anajua amesimama wapi. Basi mwambie mzee aweke uso Tukuyu. Mbele ya sahani ni Tukuyu, kulia ni Milima ya Livingstone, kushoto ni Malawi, na karibu na kifua ni Ziwa. Hata akigeuza kiti, sahani inageuka naye, Tukuyu yake haimwachi. Tulijaribu siku hiyohiyo. "Babu, wali uko Tukuyu, mchicha uko Malawi, samaki yuko Ziwani." Mzee wa Njisi alicheka mpaka akasahau vidole vyake. "Mchicha wangu uko Malawi na sina hati ya kusafiria," akasema, na akaufikia bila kuuliza tena.

Bibi wa jana hakuridhika. Alisema hawezi kula wali uliowekwa Tukuyu, huko ni kwa viazi na chai, wali ni wa Kyela na watu wajue. Lilijadiliwa kwa uzito wake, na wali ukahamishiwa katikati ya sahani. Mpaka leo kituoni kwetu wali ni Kyela, na mgeni akija kutukagua huwa hatuna haja ya kumweleza zaidi.

Sasa nifike penye jambo langu. Macho yalivyozidi kupungua, Mkufunzi aliacha baiskeli, na mwanawe akawa anamleta na kumchukua kwa pikipiki. Huyu mwana ni mfanyabiashara wa mchele, anakwenda na kurudi mpakani Kasumulu, mcheshi, mtu wa simu sikioni muda wote. Kama mwongozaji hafai hata kidogo. Aliwahi kumsimamisha babake sokoni mbele ya kibanda cha mitumba, akaondoka kufuata mtu wa mchele bila kusema, na Mkufunzi akaendelea kumweleza mambo mazito ya familia kwa muda mrefu. Aliyekuwa anamsikiliza ni koti kubwa lililotundikwa. Mwenye kibanda ndiye aliyemwambia, "Mzee, hilo kama unalitaka tuzungumze." Mkufunzi alinisimulia mwenyewe, kwa hasira, na akaniuliza kama mimi, mwanafunzi wake, ningefanya hivyo. Nilisema hapana. Akasema, "Bado, lakini hapana."

Huyo mtu wa simu sikioni ndiye niliyempenda. Akija kumchukua babake alikuwa anawahi mno, na mimi nilikuwa nachelewa kufunga stoo. Ilipofika siku ya kumwambia mzee kwamba tunataka kuoana, alimkuta barazani anaanua kakao zake kwenye mkeka. Mume wangu anasema mzee aliokota punje moja moja, kisha akasema:

"Wasichana wote wa Kyela, Busale mpaka Matema, ukaona uniibie huyu?"

"Baba, si kukuibia. Anakuja nyumbani kwetu. Utakuwa naye karibu."

"Karibu gani? Akiwa mkamwana atanishikaje?" Akamwaga punje zote chini. "Subirini kwanza nipofuke, anizungushe miaka kadhaa, kisha muoane."

Sote tulidhani anatania, na tulidhani pia kwamba mtu wa kisasa kama yeye, aliyetuhubiria kwamba mhudumu ni mhudumu na mwiko unaishia mlangoni, angesema desturi ile ilegezwe. Wapi! Katika familia nzima hakuna aliyeishika kama yeye. Hata mchungaji alimwambia kwamba siku hizi watu wanasalimiana tu. Yeye akajibu kwamba babake hakuwahi kuwa upande mmoja wa ua na mama yangu mkwe, na yeye hataanza uhuni uzeeni. Harusi ilifanyika kanisani, nikampita mzee nikiwa nimefunikwa shela, na tangu hapo nikawa nusu ya mtu kwake: anakula nilichopika, anasikia nikifagia, lakini sipo.

Alipokuja kituoni kwa mafunzo ya kujikumbusha, ilinibidi nikae nje, chini ya dirisha, na daftari mapajani. Alikuwa bado anaona kidogo, kama anayechungulia kwenye tundu, na sikutaka niingie kwenye tundu hilo. Aliuliza swali gumu, jinsi ya kumpitisha asiyeona kwenye daraja la gogo. Nikamnong'oneza Tumpe aliyekaa karibu na dirisha, Tumpe akajibu.

"Jibu ni sahihi," alisema Mkufunzi. "Lakini limetoka dirishani. Mwambieni dirisha, bado."

Baada ya hapo macho yaliisha kabisa, na kilichotokea ndicho alichokiogopa tangu siku ile ya kwanza. Hakupata wa kumshika. Mlinzi alikuja kujitolea, akamfikisha kanisani vizuri, wakaishia hapo kama ilivyosemwa. Wengine walikuja wakarudishwa kwa makosa ambayo wao hawakuyaona. Mwanawe hatumtaji tena. Akabaki na mama mkwe, mwanamke mwema sana, ambaye alishika ncha ya fimbo akavuta. Nilikuwa naona kutoka jikoni, roho inaniuma. Nikamwambia mama kuhusu kiwiko, akanitazama.

"Mwanangu, huyu mtu nimemvuta tangu ujana wake akiwa anaona. Leo ndiyo nifundishwe?"

Ndani ya ua alimkubalia mkewe. Nje hakwenda. Hakutaka wanafunzi wake wamwone anavutwa. Akawa anakaa barazani na suti yake ya Kaunda, mtu aliyefundisha wilaya nzima kutembea na wasioona, na yeye hafiki hata dukani. Halafu ikaja habari kwamba kituo kinapokea wahudumu wapya, kutoka Ndandalo, Busale na Njisi, na kwamba kama Mkufunzi hawezi kufika, darasa atapewa kijana wa Mbeya mwenye mashine ya kuonyesha picha ukutani.

"Picha!" tulimsikia barazani. "Anafundisha habari za wasioona kwa picha!" Hakula siku hiyo. Alitaka darasa lile kuliko kitu chochote, na likienda kwa kijana wa Mbeya lisingerudi kwake tena. Akasema atakubali kuvutwa na mkewe, mara hii moja, hata wanafunzi wacheke.

Asubuhi ya darasa mama mkwe aliamka na malaria, anatetemeka chini ya mablanketi mawili. Mume wangu alikuwa ng'ambo ya mto Songwe na mchele wake. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, mitaro imejaa mpaka ukingoni. Mkufunzi alikuwa amesimama barazani, amevaa, mabuti miguuni, fimbo mkononi, anamwita mkewe, na mkewe anajibu kwa kuugua. Akaelewa. Akabaki amesimama vilevile, uso Tukuyu. Nikiwa mlangoni kwa jikoni nilimwona akianza kufungua kifungo cha juu cha suti yake, ili akaivue.

Sikujishauri. Niliweka chini kile cha kupakulia, nikavuka ua, nikasimama kando yake, na nyuma ya mkono wangu nikagusa nyuma ya mkono wake.

Hakuruka. Vidole vyake vilisimama, kisha vikapanda kidogo, vikakomea kabla ya kiwiko. Ndani ya ua ule hakuna mtu mwingine aliyekuwa anamgusa hivyo, alijua fika ni nani. Nilisikia anavyopumua. Alikuwa amekamatwa katikati ya sheria zake mwenyewe: mtu asiyesema jina lake hashikwi, na mkamwana hasemi na mkwe. Mimi nami mdomo ulikuwa umejifunga, nangoja afoke.

Akageuza uso kuelekea jikoni, nilikotoka.

"Mkamwana wangu yuko jikoni," alisema kwa sauti ya kusikiwa mpaka kwa majirani. "Namsikia anapika. Abaki hukohuko." Kisha akageukia upande wangu, akashusha sauti. "Na huyu aliyesimama hapa atakuwa mwanafunzi wangu. Mwanafunzi asiyejua kusema jina lake."

Nikasema jina langu. Sauti ilitoka ya kitoto, lakini ilitoka.

"Umechelewa," alisema, akakishika kiwiko.

Tulitoka. Mtaro wa kwanza nilimwambia upana wake na wapi aweke mguu, akavuka. Ubao ulipokuwa unateleza nilisimama, nikamwambia kwa nini nimesimama. Majirani walitoka nje. Bibi mmoja aliyekuwa anapepeta mpunga aliuacha ungo ukamwagika, akamwita Mungu na mumewe. Mkufunzi akamsalimu kwa jina kama siku ya kawaida, akaongeza, "Niko na mwanafunzi, mama," na tukapita. Darasani alifoka mpaka jioni, akamfunga kitenge mwenyekiti wa kijiji kwa kosa la "kule", na kijana wa Mbeya aliketi nyuma na mashine yake mapajani, anaandika.

Tulirudi jua likiwa chini. Barazani kwake nilimwambia tumefika, nikamwekea mkono kwenye nguzo ya baraza, nikamwambia namwacha. Akaachia kiwiko. Nilingoja kidogo. Hakusema hata "bado". Akasema tu, "Nenda zako, mwanafunzi," na mimi nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaingia jikoni kwa mlango wa migombani, nikawasha moto kana kwamba nilikuwepo siku nzima.

Ndipo nikamsikia kutoka barazani.

"Mkamwana," aliita. Hakuwa amewahi kuniita tangu harusi. "Usijibu, huna haja ya kujibu. Nataka tu ujue. Leo nimeshikwa na mtu aliyeweza."

Nilikaa kwenye kigoda nikalia, na mama mkwe akaniuliza kutoka kitandani ni kwa nini, nikamwambia ni vitunguu. Na siku hiyo tulikuwa hatuna hata kimoja.